Perry Mason Nilivyomjua

Nilimfahamu Perry Mason kwa zaidi ya miaka arobaini kabla sijamwona kwa macho. Nilikutana naye mwaka 1970, nikiwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu, ndani ya kitabu kilichokuwa hakina jalada wala kurasa zake kumi za mwanzo. Mkufunzi wetu wa Kiingereza ndiye aliyeniazima. Alisema kwamba mtu anayetaka kuwa mwalimu lazima ajifunze kuuliza swali, na kwamba hakuna anayeuliza swali vizuri kuliko wakili anayemhoji shahidi mwongo. Nilikisoma usiku kucha bwenini kwa taa ya kandili, wenzangu wakilalamika kwamba nawanyima usingizi.

Aliyekiandika alikuwa Erle Stanley Gardner, Mmarekani aliyezaliwa Malden, Massachusetts, mwaka 1889. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alifariki mwezi Machi wa mwaka ule ule wa 1970. Kwa hiyo mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafunga urafiki na mtu ambaye kwao alikwisha kufa. Uwakili aliupata California mwaka 1911 kwa kujisomea mwenyewe katika ofisi za mawakili, na alianza kazi kwa kuwatetea watu ambao hawakuwa na wa kuwatetea. Inasimuliwa kwamba katika mji wa Oxnard polisi walikuwa wakiwaandama Wachina waliouza tikiti za bahati nasibu isiyo halali. Gardner alipopata fununu kwamba watakuja kuwakamata, aliwahamisha wenye maduka, huyu akamweka dukani kwa yule na yule kwa huyu. Polisi wakaja na hati zao wakawakamata watu kwa kufuata duka badala ya sura. Kesi ikawa kichekesho, kwa kuwa ilidhihirika kwamba mbele ya macho ya polisi Mchina yeyote alikuwa Mchina tu. Nimekisimulia kisa hiki darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi walicheka. Nami nilicheka nao, bila kufikiri kwamba kinanihusu.

Mwaka 1933 alitoa kitabu cha kwanza cha Perry Mason, na mpaka anakufa alikuwa ameandika zaidi ya themanini vya wakili huyo. Aliwasomea makatibu wake nao wakapiga chapa. Mpango wake haukubadilika sana: mtu anashtakiwa kwa kuua, ushahidi wote unamwelemea, mwendesha mashtaka Hamilton Burger anajiona ameshinda, kisha Mason anasimama, anauliza swali moja dogo juu ya saa au ufunguo au mbwa, na muuaji halisi anajitokeza mwenyewe. Mteja wa Mason hana hatia. Msomaji alilijua hilo tangu ukurasa wa kwanza, na ndiyo raha yenyewe.

Wamarekani walimwona katika televisheni kuanzia tarehe 21 Septemba 1957, katika shirika la CBS. Mchezo huo ulidumu hadi Mei 1966, sehemu 271 kwa jumla. Aliyemwigiza Mason alikuwa Raymond Burr, pande la mtu mwenye macho makubwa na sauti ya padri, ambaye awali alikwenda kujaribiwa kwa nafasi ya mwendesha mashtaka. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini. Hivyo Mason wangu nilimtengeneza mwenyewe kichwani. Alikuwa mrefu, mweusi kidogo kuliko Mzungu anavyopaswa kuwa, na alivaa suti ya kijivu kama ya mkuu wetu wa chuo.

Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani aliwaambia maseneta waliomhoji mwaka 2009 kwamba alipokuwa mtoto huko Bronx, New York, mchezo huo ndio uliomtia hamu ya sheria, na kwamba aliyemvutia hasa ni yule mwendesha mashtaka anayeshindwa kila wiki, kwa kuwa alionyesha kuridhika pale mtu asiye na hatia alipoachiwa. Seneta mmoja akamtania amtajie ile kesi ambayo Burger alishinda. Hakuikumbuka. Mimi nilimwonea wivu kwa jambo moja: yeye tangu utoto aliona kwamba hata anayeshtaki ana wajibu wa kufurahi akishindwa kwa haki. Mimi nilisoma vitabu vile vile na sikuliona.

Basi nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2020 shirika la HBO lilimleta Perry Mason upya, akiigizwa na Matthew Rhys. Binti yangu wa pili, ambaye ni wakili, alijua mapenzi yangu, akanionyesha msimu ule wa kwanza nilipokwenda kumtembelea Dar es Salaam. Nilikaribia kuzima kompyuta yake. Mason gani huyu? Amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na jinamizi, amelewa, shamba la wazazi wake linamshinda, si wakili bali ni mpelelezi wa kukodiwa anayepiga picha za watu walio faraghani! Paul Drake, mpelelezi mcheshi wa vitabuni, sasa ni polisi Mweusi anayelazimishwa na wakubwa zake kubadili taarifa yake. Della Street si katibu tu wa kuchemsha kahawa, naye anataka kuwa wakili. Lakini nilivumilia, na kufikia mwisho nilikuwa nimeshikwa. Mason anapata uwakili katikati ya kesi ya Emily Dodson, mama anayeshtakiwa kuhusika na kifo cha mtoto wake mwenyewe mchanga. Wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi wanashindwa kukubaliana, na mama anatoka. Mmoja wao alikuwa amehongwa kwa mpango wa upande wa Mason. Wengine wawili walikataa kumtia hatiani kwa dhamiri zao. Gardner asingeliandika jambo hilo hata kidogo.

Msimu wa pili ulianza tarehe 6 Machi 2023. Niliusubiri kama mtoto anavyosubiri Idi. Binti yangu aliupata wiki chache baadaye, akaandaa karanga na chai ya tangawizi, tukakaa.

Nilitegemea kumwona Mason akiwa amesimama imara, jina limekwisha kutoka. Badala yake tunamkuta Los Angeles ya mwaka 1933, anapanda pikipiki, ana uso wa mtu asiyelala, na ameacha kesi za jinai kabisa. Anafanya kesi za madai, mikataba na fidia. Baadaye tunaelewa sababu: Emily Dodson, yule aliyemwokoa, amejiua. Kabla ya hapo alikuwa akimwandikia Mason kadi za posta, naye hakuzishughulikia. Alishinda kesi, mteja akafa.

Kesi anayoishughulikia katika sehemu hiyo ya kwanza ni ya mwenye duka kubwa la vyakula anayemshtaki mtu aliyekuwa mfanyakazi wake. Kosa la yule maskini ni kwamba amefungua duka lake mwenyewe kwa kufuata aliyojifunza kwa tajiri wake. Mason anasimama na kumhoji. Anamhoji vizuri mno. Kila swali ni la haki, kila jibu linaandikwa, na yule mtu anapungua mbele ya macho yetu kama sabuni majini. Mason anashinda. Mteja wake anafurahi, yeye mwenyewe ana sura ya mtu aliyekula kitu kibovu.

"Hapo Baba umemwona wakili wa kweli," binti yangu alisema. "Miaka kumi na minane niko mahakamani, sijaona mtu amesimama huko nyuma akakiri kwamba yeye ndiye muuaji. Lakini hili nimeliona, na nimelifanya."

Sikumjibu. Nilikuwa nimesimama kwingine kabisa.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni ambayo sitaitaja. Siku tatu kabla ya mahafali, fedha za chakula cha wageni, shilingi elfu sita, zilipotea kutoka stoo. Mlango haukuvunjwa. Mwalimu wa zamu alisema alimwona mvulana mmoja wa kidato cha tatu akipita karibu na stoo baada ya taa kuzimwa. Tukakagua bweni, na chini ya kitanda chake tukakuta viatu vipya vya ngozi. Anayeikumbuka miaka ile atanielewa. Bidhaa zilikuwa zimeadimika kwa muda mrefu, na viatu vipya miguuni mwa mtoto wa mkulima vilikuwa vinaita mashtaka vyenyewe.

Nikaitisha kamati ya nidhamu. Tulikuwa walimu watano na kiranja mkuu, na mimi ndiye niliyehoji. Kumbukumbu za kikao zilionyesha kwamba kilidumu dakika ishirini na tano. Nilimuuliza viatu amevitoa wapi, akasema mjomba wake anayefanya kazi bandarini Tanga alimletea. Nilimuuliza mjomba huyo alivinunua wapi wakati madukani havimo. Akasema hajui. Nilimuuliza usiku ule alitoka bwenini kwenda wapi. Akasema chooni. Nikamuuliza choo kipo upande gani wa stoo, akaonyesha, na nikamwonyesha kwamba kulikuwa na njia fupi zaidi. Akanyamaza. Wenzangu walinitazama kwa heshima. Msomaji, nataka uamini kwamba wakati ule katika mtoto wa meza yangu kilikuwamo kitabu cha Gardner, nami nilijiona nafanya kama Perry Mason! Sikutambua kwamba katika chumba kile Mason hakuwamo. Alikuwamo Burger peke yake, na Burger mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu. Mvulana alifukuzwa shule siku ile ile, akatembea hadi barabara kuu na sanduku lake kichwani.

Barua moja kwa mjomba wake Tanga ingetosha. Stempu zilikuwapo ofisini.

Ajabu ni kwamba mambo haya nilikuwa nikiyafundisha. Katika somo la historia nilikuwa na mazoea ya kuwasimulia vijana habari za Clarence Earl Gideon, mtu fukara aliyeshtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool huko Panama City, Florida, na kuiba vinywaji na chenji za mashine. Aliomba apewe wakili. Akaambiwa kwamba katika jimbo lile mahakama humpa wakili mshtakiwa wa kosa la kunyongwa tu. Alijitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama Kuu Kabisa kwa kalamu ya risasi, na tarehe 18 Machi 1963 mahakama hiyo iliamua kwamba mtu maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi ikarudiwa. Safari hii alikuwapo mtu wa kumuuliza shahidi mkuu maswali, kwa mfano yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini pale alfajiri ile. Gideon akaachiwa huru. Shtaka lilikuwa lile lile na shahidi yule yule. Mwaka huo huo wa 1963 Wamarekani walimwona Perry Mason wa televisheni akianza kisa kimoja kwa kushindwa, mteja wake akihukumiwa kifo, na inasemekana watazamaji walishtuka. Huko Florida watu wa aina ya Gideon walikuwa wameshindwa miaka yote, wala hakuna aliyeshtuka.

Gardner mwenyewe, kwa bahati, hakudanganywa na vitabu vyake. Mwaka 1948 alianzisha na wenzake katika jarida la Argosy kazi waliyoiita Mahakama ya Mwisho wa Kukimbilia. Haikuwa mahakama kwa maana ya sheria. Ilikuwa kundi la wataalamu waliopitia upya kesi za wafungwa walioonekana kufungwa kimakosa, wakachapisha waliyoyapata ili wasomaji wapige kelele. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1952 na kilipewa tuzo. Tajiri aliyeuza mamilioni ya vitabu vya mteja asiye na hatia aliona haya, nadhani, kukaa bila kuwatafuta wale wa kweli.

Hata hao waliotengeneza mchezo mpya walikwenda kuchimba katika historia ya mji wao. Mwishoni mwa sehemu ile ya kwanza, kijana wa tajiri wa mafuta, Brooks McCutcheon, anayetaka kujenga uwanja wa besiboli, anakutwa amekufa ndani ya gari lake. Wanaokamatwa ni ndugu wawili wenye asili ya Meksiko wanaoishi katika vibanda vya mabati na makaratasi. Niliposimamisha kompyuta kumweleza binti yangu, alinishangaa. Februari 26, 1931, maofisa waliizingira bustani ya La Placita katikati ya Los Angeles, wakawazuia watu kama 400 na kuwadai karatasi zao. Katika miaka ile ya njaa mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Meksiko walisukumwa kutoka Marekani, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa huko huko. Jimbo la California liliomba radhi kwa sheria mwaka 2005. Uwanja nao ulikuja kujengwa kweli: katika miaka ya 1950 familia za Wameksiko ziliondolewa katika bonde la Chavez, kwanza kwa ahadi ya nyumba za bei nafuu ambazo hazikujengwa, na mwaka 1962 ukafunguliwa hapo uwanja wa Dodgers. Kwa hiyo nilipoziona nyuso za wale vijana wawili, nilijua waandishi wanatuuliza nini: je, mtu hushtakiwa kwa alichofanya, au kwa duka alimokutwa?

Lakini siwezi kujifanya kwamba nilikuwa nawaza Los Angeles. Niliwaza viatu.

Mwaka 1988 mtunza stoo wetu alikamatwa akiuza magunia ya sukari ya shule, na alipobanwa alikiri mengi, pamoja na zile shilingi elfu sita. Ufunguo alikuwa nao yeye. Mlango haukuvunjwa, nilikwisha kusema, na katika dakika zetu ishirini na tano hakuna aliyeuliza nani ana ufunguo. Hata mtoto aliyesoma kitabu kimoja cha Mason angeanzia hapo.

Niliandika barua ofisi ya elimu ya mkoa kufuta adhabu. Kisha nilikwenda mwenyewe kijijini kwao, saa nne juu ya lori la mkaa. Baba yake alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akaniletea kigoda, akamwambia mkewe aweke chai. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "sisi tulijua. Mjomba wake alikuja hapa na risiti ya viatu. Tukaiweka."

Nikamuuliza kwa nini hawakuileta shuleni.

"Kwa nani, Mwalimu? Wewe ndiye uliyekuwa umemhukumu."

Kijana alikuwa amekwenda Mererani kutafuta mawe. Niliacha barua pamoja na anwani yangu. Jibu halikuja, na baba yake alifariki miaka ya 1990 kabla sijapata sababu ya kurudi. Au niseme kweli: sababu nilikuwa nayo, sikurudi. Tangu mwaka ule mpaka ninastaafu mwaka 2009 sikumfukuza mwanafunzi bila kumteulia mwalimu wa kusema upande wake. Walimu wenzangu walilalamika kwamba napoteza muda, na mmoja aliniambia kwamba nimeigeuza shule mahakama. Wengi wa wale waliosemewa walifukuzwa vile vile, kwa kuwa walikuwa na makosa. Wawili hawakufukuzwa.

Binti yangu hakuwahi kukisikia kisa hiki. Nilimsimulia usiku ule, kompyuta ikiwa imesimama juu ya uso wa Mason anayetoka mahakamani na ushindi wake. Hakunifariji, nami namshukuru kwa hilo. Aliniuliza jina kamili la yule kijana, akaliandika kwenye simu yake, akasema kuna mtu anamfahamu Mererani ambaye huenda akajua pa kuulizia. Nilimwambia sasa atakuwa mzee wa miaka hamsini na kitu.

"Basi ana umri wa kujibu barua," alisema.

Tuliendelea na sehemu zilizobaki jioni baada ya jioni. Sitasimulia zote. Nitasema tu kwamba safari hii wateja wa Mason si watu safi kama wa Gardner, na kwamba mwisho wake Mason mwenyewe analala jela kwa kuficha ushahidi, jambo lililonipendeza kuliko ushindi wowote wa Raymond Burr. Mwezi Juni 2023 HBO walitangaza kwamba hawataendelea na mchezo huo. Nilikasirika kwa siku mbili.

Yule mtu wa Mererani bado hajajibu. Binti yangu ameandika mara ya pili.